Mapigo Mawili Yasiyo na Farasi

"Mapigo saba," alisema Hatakeda kabla hajaulizwa.

Alisimama mbele ya meza, kofia ngumu kwapani, mchanga uliolowa umemganda uso mzima isipokuwa pale miwani ilipokuwa imekaa. Alikuwa na miaka arobaini na saba na kilo hamsini na mbili, na dakika ishirini zilizopita alikuwa ameshinda mbio za tatu katika uwanja wa Minasawa. Bi. Orie Tsukuda, mchunguzi wa kamati ya waamuzi, alikuwa hajafungua hata faili.

"Kanuni inaruhusu mangapi, Bwana Hatakeda?"

"Matano mfululizo. Kisha unampa farasi nafasi aitikie. Mimi sikumpa."

"Ulikuwa unahesabu?"

"Tunahesabu sote. Mdomoni, kimyakimya."

"Ukafika saba."

"Nikafika saba. Andika, mama, nigonge muhuri. Nina farasi mbio za kumi."

Tsukuda aliandika. Alichukua mjeledi, akaupima kwa rula ya mbao: urefu ulikuwa halali. Akabonyeza sponji ya ncha: nzima. Kava lake lilikuwa jipya, la buluu, rangi ya sare za Hatakeda, na lilikuwa bado linachuruzika maji. Aliporudisha mjeledi mezani, vidole vyake viwili vilikuwa vya buluu. Alivifuta kwa karatasi, karatasi akaitupa kapuni.

Hatakeda alitoa muhuri wake mdogo wa jina, unaotumika badala ya sahihi, akaupulizia pumzi, akagonga chini ya maelezo. Jina lilikaa wima, jekundu, bila kovu.

"Siku mbili nje ya mbio?" aliuliza.

"Labda mbili. Kuanzia wiki ijayo."

"Asante."

Akaondoka. Tsukuda amefanya kazi hii miaka kumi na tisa, na hajapata kumwona mpanda farasi anayekiri kosa la mjeledi bila kubishana walau pigo moja. Hulibishania pigo kama wachuuzi wa samaki wanavyobishania uzito.

Shirahata, mwenyekiti wa waamuzi, hakugeuka kutoka kwenye skrini.

"Hilo limekwisha," alisema. "Sasa lenye harufu. Minegishi."

Waliitazama filamu kwa mara ya sita. Mita mia na hamsini kutoka mwisho, farasi wawili bega kwa bega. Nje, upande wa jukwaa, Sumizome mweusi na Hatakeda mgongoni. Ndani, kwenye uzio wa kulia, Hatsushimo wa kijivu, aliyebebwa na tiketi za dau za uwanja mzima, na Kohei Minegishi mgongoni. Mkono wa kulia wa Hatakeda ulipanda na kushuka mara saba. Kisha Hatsushimo akarusha kichwa juu, akapoteza hatua, na Minegishi akaketi tu, mjeledi umelala begani mwa farasi. Wakamaliza wa tano.

"Kamera ya mbele?" aliuliza Tsukuda.

"Ilirushiwa mchanga. Unaona maziwa matupu." Shirahata alikuna sikio. "Jukwaani wanapiga kelele kwamba alimzuia. Na mimi nikimwona mtu mwenye farasi bora anakaa kama abiria, nasema vivyo hivyo. Kuzuia farasi makusudi ni kufutiwa leseni, Bi. Tsukuda. Nataka jibu kabla ya mbio za kumi. Saa kumi na nusu."

Ilikuwa saa saba kamili.

*

Minegishi aliingia, akainama, akaketi na mikono juu ya magoti. Miaka ishirini na tisa. Kifundo cha mkono wake wa kulia kilikuwa na bandeji.

"Farasi alirusha kichwa," alisema. "Sijui zaidi."

"Farasi harushi kichwa kwa sababu ya kuchoka."

"Farasi ni farasi."

"Hukuinua mjeledi hata mara moja baada ya hapo."

"Sikuinua."

"Kwa nini?"

"Alikuwa ameshakata tamaa. Kumpiga aliyekata tamaa ni kupiga ukuta."

"Unajua kinachokungoja?"

"Leseni."

"Una watoto?"

"Wawili. Nikinyang'anywa, kwetu kuna ng'ombe. Nitakamua." Alilisema hilo kama mtu anayetaja saa ya treni.

Tsukuda aliitazama bandeji. Hatakeda alikuwa kushoto kwa Minegishi, akipiga kwa mkono wa kulia. Mjeledi ukipita kiasi, huangukia upande wa ndani.

"Fungua hiyo."

Minegishi alifungua. Palikuwa na lengelenge jekundu, la mviringo, lenye maji.

"Sufuria ya magimbi," alisema. "Jana bwenini. Nilitaka kuonja kabla ya wakubwa. Bweni zima lilicheka."

Tsukuda aliinua simu, akampigia mpishi wa bweni ambamo wapanda farasi hulala usiku wa kuamkia mbio. Mpishi alianza kucheka kabla swali halijaisha. Tsukuda akakata simu.

"Hatakeda alikuwa karibu nawe kiasi gani?"

"Kama watu wawili chini ya mwavuli mmoja."

"Alikugusa?"

Minegishi alianza kuifunga bandeji upya, taratibu, mzunguko kwa mzunguko.

"Kaka hajapata kunigusa," alisema.

Hawakuzaliwa pamoja. Lakini wote wawili walilelewa katika zizi la Mwalimu Ebisawa, mfunzi wa farasi, na aliyetangulia kulala chini ya paa lile ni kaka mpaka kaburini. Hatakeda ndiye aliyemfundisha Minegishi kushika hatamu, kuhesabu mapigo, hata kuosha bakuli.

"Sikuuliza kama hajapata," alisema Tsukuda. "Nimeuliza leo."

"Nimeshajibu, mama."

*

Farasi anayeshinda Minasawa hapelekwi kuoshwa hadi apigwe picha na mwenye mali. Iwe mvua, iwe theluji, mwenye mali atashika kamba, mkewe atapanga nywele, na farasi atasimama na tope lake. Tsukuda alishuka hadi chumba cha picha chini ya ngazi, akaomba ya mbio za tatu iongezwe ukubwa.

Mchanga wa Minasawa ni mweupe. Sumizome ni mweusi. Kwenye paja lake la kulia, lililopakwa mchanga kama ukuta uliopigwa chokaa, palikuwa na mistari myeusi mahali mjeledi ulipofuta. Tsukuda aliweka ncha ya kalamu juu ya kila mmoja. Mitano. Akahesabu tena kuanzia chini. Mitano.

Aliipandisha picha juu kwa Shirahata.

"Mengine yamelaliana," alisema mwenyekiti. "Pigo juu ya pigo."

"Huenda."

"Basi?"

"Basi huenda. Lakini mkono ulishuka mara saba, na farasi huyu ana matano. Mawili hayana farasi."

"Mtu anakiri saba ilhali alipiga matano? Nani anajiongezea deni?"

"Mtu aliyeona tutahesabu mkono," alisema Tsukuda. "Akisema matano, tutauliza mawili yalikwenda wapi. Akisema saba, tunafunga faili. Tuliifunga."

Nje, kengele ya mbio za sita ililia.

Simu za wapanda farasi wote zilikuwa zimefungiwa kwenye sefu ya bweni tangu jana jioni, kama kila siku ya mbio. Kama wawili hawa walikubaliana neno, walikubaliana kwa mdomo. Na kati ya mstari wa mwisho na meza ya Tsukuda, wangeweza kukutana mahali pamoja tu: chumba cha mizani.

Mzee Nukaga, karani wa mizani, alikuwa anakula tonge la wali lililofungwa kwa mwani. Alibakiza miezi mitatu astaafu, na alilitangaza hilo kwa kila aliyepima uzito.

"Mbio za tatu?" alisema. "Kawaida. Hatakeda uzito sawa, Minegishi uzito sawa. Tope ndilo lililozidi."

"Walizungumza?"

"Hawa? Hawana maneno. Waliinamiana tu, wakaenda zao."

"Nani alianza?"

Nukaga aliacha kutafuna.

"Hatakeda," alisema. "Sasa umenikumbusha. Nilidhani ameangusha kitu. Aliinama mpaka kofia ikamtoka kwapani. Ikabiringika mpaka kwenye mizani yangu, nikaiokota mimi."

"Akasema nini?"

"Hakusema. Mdogo wake ndiye aliyesema: 'Hakuna kitu, kaka. Hakuna kitu.' Mara mbili. Nikajua wana yao ya nyumbani." Alimeza. "Dada yangu, miaka thelathini na tano nimekaa kwenye kiti hiki. Nimewaona wadogo wakiinama mpaka wakabusu sakafu. Kaka kumwinamia mdogo, tena akiwa ameshinda yeye? Hilo ndilo la kwanza. Na hata sikulishangaa. Uzee."

"Utalishangaa miezi mitatu ijayo."

"Miezi mitatu ijayo nitakuwa navua samaki."

Tsukuda aliandika: *Aliinama. Kofia ilidondoka. Nukaga aliiokota.* Akamsogezea karatasi, Nukaga akagonga muhuri wake uliopasuka pembeni.

*

Mazizi yalikuwa ng'ambo ya barabara. Mvua ilikuwa imepungua na kubaki manyunyu. Hatsushimo alifungwa mlangoni pa banda lake, ameshaoshwa, anafuka mvuke. Jicho lake la kushoto lilikuwa limefumba nusu, na machozi yalichora njia hadi puani.

Bi. Fumie Odajima, mtunza farasi mwenye miaka sitini na sita, alikuwa amechuchumaa mbele ya beseni.

"Ukitaka kumhoji huyu mtoto, umechelewa, mdogo wangu. Amekataa hata karoti."

"Jicho limefanya nini?"

"Mchanga. Nimemsafisha kwa chumvi. Daktari kasema mchanga, nami nasema mchanga. Tuna akili moja sote."

"Mchanga unampata farasi aliye nyuma. Huyu alikuwa ubavuni."

Fumie aliendelea kusugua, mikono ndani ya povu.

"Unafua nini, dada?"

"Kofia yake. Hakimbii bila kofia, kelele zinamtisha. Nimeishona mwenyewe, masikio yale ni soksi za marehemu mume wangu." Aliiinua. Ilikuwa ya kitambaa cheupe, ya kufunika uso na masikio ya farasi, na majina ya maua yametariziwa shavuni. "Nimeisugua kwa sabuni mara tatu. Nimeitia dawa ya kufanya nguo nyeupe. Haitoki. Ungeniambia ni wino gani huu."

Juu ya shavu la kushoto, kuanzia chini ya tundu la jicho hadi karibu na lijamu, palikuwa na mistari miwili ya buluu. Ilifuatana kama reli.

Tsukuda alivitazama vidole vyake. Kwenye kona za kucha, buluu ilikuwa bado ipo.

"Acha kusugua," alisema.

"Nikiacha itakaa."

"Ndiyo. Acha ikae."

Fumie aliiachia kofia ikazama. Alimtazama farasi, akatazama jicho, akamtazama Tsukuda.

"Saa mbili nzima nafua," alisema. "Nafuta mwenyewe."

"Hukujua."

"Sikujua. Si kwamba inasaidia." Alijifuta mikono kwenye aproni. "Kohei alipita hapa kabla hujaja. Akamshika huyu shingoni, akamwambia samahani. Nikadhani anaomba radhi kwa kushindwa."

Tsukuda aliiweka kofia, na maji yake, kwenye mfuko wa plastiki. Akaandika saa: kumi kasoro dakika kumi na tano.

*

Hatakeda alirudi akiwa ameshavaa sare safi za mbio za kumi. Buluu, almasi nyeupe kifuani. Juu ya meza palikuwa na picha, karatasi ya Nukaga, na mfuko. Shirahata alikaa pembeni.

"Sumizome ana mapigo matano," alisema Tsukuda. "Hatsushimo ana mawili. Shavuni, chini ya jicho."

Hatakeda aliitazama kofia kwa muda kama anayesoma ratiba.

"Kava jipya," alisema. "Nililinunua Jumanne. Walisema halichuji."

"Minegishi hajasema lolote."

"Hatasema. Nilimfunza vizuri mno."

"Ulijua ameitwa hapa?"

"Nilijua. Nilimwona akipanda ngazi."

"Ulijua ni leseni yake."

"Nilijua."

"Ungepanda farasi wako wa mbio za kumi, ukaenda nyumbani."

"Ningepanda." Alijilamba mdomo. "Nina mtihani wa leseni mwezi ujao, mama. Kila mwaka nikiingia mle wananiangalia kama mzee aliyepotea njia ya kliniki. Kosa la kumpiga farasi wa mwenzako usoni, kwa umri wangu, si siku mbili. Ni kufunga mlango. Nikajiambia, Kohei ni kijana, atasimamishwa, atarudi."

"Harudi mtu aliyefutiwa kwa kuzuia farasi."

"Najua. Nilijiambia tu."

Tsukuda aligeuza ukurasa. "Pigo la sita linaweza kuwa bahati mbaya. Farasi wako aliyumba ndani, mkono ukapita. Nauliza la saba."

Kipasha joto cha ukutani kilitoa mlio.

"La sita nililisikia," alisema Hatakeda. "Mlio wake ulikuwa tofauti, kitambaa. Nikajua si langu. Kichwa kikasema simama." Aliutazama mkono wake wa kulia, akaufumba, akaufumbua. "Mkono ulikuwa umeshapanda. Miaka ishirini na tisa unapanda. Haukuniuliza."

"Niandike hivyo?"

"Andika unavyotaka. Usiandike kwamba nilikusudia. Wala usiandike kwamba sikukusudia. Mimi mwenyewe sijui."

Tsukuda aliandika sentensi nne. Akazisoma kwa sauti. Hatakeda alitoa muhuri, akaupulizia, akagonga. Safari hii jina lilikaa mshazari.

"Umejuaje mawili yalikokwenda?" aliuliza akiwa mlangoni. "Picha?"

"Uliinama."

Alifikiri kidogo, kisha akatikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyekumbushwa alikoacha funguo.

"Nisingeweza kutoinama," alisema.

*

Saa kumi na dakika tano kamati ilitangaza. Hatakeda alisimamishwa papo hapo, shauri lake likapelekwa ngazi ya juu. Minegishi hakuwa na hatia. Na kwa kuwa zizi la Ebisawa lina utaratibu wake, ambao hakuna aliyewahi kuuandika, farasi aliyeachwa na kaka hupandwa na mdogo. Minegishi alipewa farasi wa Hatakeda wa mbio za kumi, wa pili kwa kuwekewa dau.

Tsukuda alitazama kutoka mnara wa waamuzi. Hakuwa na haja ya kutazama, kazi yake ilikuwa imekwisha, ila kiti kilikuwa hapo. Mezani palikuwa na tonge la wali la asubuhi, limekauka. Alilifungua, akaliuma, halikuwa na ladha, akaendelea.

Malango yalifunguka. Farasi wa Minegishi alitoka vizuri, akakaa wa tatu, akaingia kona ya mwisho akiwa wa pili, na nafasi nyeupe mbele yake, pana kama mlango wa ghala. Watu jukwaani wakaanza kusimama.

Tsukuda alijikuta anahesabu. Alingoja pigo la kwanza.

Mita mia tatu. Mita mia mbili. Wapanda farasi wengine wote kumi na mmoja walikuwa wameinua mijeledi. Minegishi alikuwa ameketi, mikono yake ikienda na shingo ya farasi, mbele na nyuma, polepole, kama anayepiga makasia maji yaliyotulia. Mjeledi ulilala begani mwa farasi. Mmoja akampita, kisha wawili, kisha watatu. Alimaliza wa nane.

Jukwaani hakukuwa na kelele mara moja. Kisha zikaja.

Shirahata alirudisha filamu nyuma, akaitazama tangu kona, akairudisha tena.

"Hakuinua hata mara moja," alisema.

"Nimeona."

"Kamera zote safi safari hii. Hakuguswa na mtu. Farasi mzima, njia wazi." Alivuta droo, akatoa fomu, ileile ya saa saba mchana, nakala tupu. "Kutojitahidi. Sina namna, Bi. Tsukuda. Ningekuwa nayo, ningeitumia."

"Hakuna namna."

"Mwite."

Tsukuda aliinua simu ya chumba cha mizani. Ililia mara moja tu.

"Mwambie Minegishi apande huku," alisema.

"Hahitaji kuambiwa," alijibu mzee Nukaga, kwa sauti ya chini. "Ameshapima. 'Siwezi kushinda kwa farasi wa kaka,' ndilo pekee alilosema. Amesimama mlangoni kwenye ngazi zako, na muhuri uko mkononi."